Tunahamia Nzuguni, Dodoma: nianze kubadili kampuni ya intaneti ya nyumbani au nianze kuhamisha namba ya simu?

Mkazi Mpya wa Nzuguni

Ndugu wanajukwaa, mbukwenyi. Naomba ushauri wenu kuhusu intaneti ya nyumbani na namba yangu ya simu, mambo mawili yaliyonifikia kwa wakati mmoja, na kila ninayemuuliza mjini ananijibu kana kwamba ni jambo moja.

Familia yetu inaondoka katika nyumba ya kupanga Area C na kuhamia nyumba tuliyojenga wenyewe Nzuguni. Nyumba tunayoondoka ina intaneti ya faiba iliyofungwa na kampuni ambayo sitaitaja, kwa kuwa nia yangu si kumchafulia mtu jina. Mwanzoni huduma ilikuwa nzuri, lakini kwa muda mrefu sasa jioni zetu zimeharibika: kuanzia saa moja usiku hadi saa nne hivi, binti yetu wa kidato cha tano hawezi kufuatilia somo la video, nami siwezi kushiriki kikao cha kazi bila sauti kukatika. Tukipiga simu huduma kwa wateja, tunaambiwa tuzime ruta kisha tuiwashe. Nimeona kwamba kuhama nyumba ni nafasi nzuri ya kuhama na kampuni.

Upande wa simu, mtandao ninaoutumia tangu nianze kazi unashika vibaya kule tulikojenga. Katika vyumba vya nyuma mawasiliano hupotea kabisa, na hali hiyo nimeiona kila nilipokwenda kusimamia mafundi. Namba yenyewe siwezi kuiacha, kwa sababu imeandikwa benki, ofisini kwangu Mtumba na shuleni kwa watoto, na mama yangu aliyeko Kongwa ameikariri. Mke wangu anatumia mtandao huohuo, naye ni mtunza hazina wa kikoba cha akina mama.

Ninachotaka kufahamu ni haya. Je, nianze na lipi? Nikihamisha namba kwenda kampuni nyingine, fedha na mikopo iliyoko kwenye akaunti ya simu inakwenda wapi? Na kwa mtu anayejenga maisha mapya Nzuguni, nitajuaje kama nichukue faiba au ruta ya 5G, kabla sijalipa fedha ambazo hazirudi?

Fundi wa Makole

Ndugu, karibu sana upande wa mashariki ya jiji. Mimi ni fundi wa mitandao na nimefunga intaneti katika mitaa mingi ya Dodoma, kwa hiyo nitajibu la nyumbani na la namba nitawaachia wengine.

Kabla ya kuhama kampuni, hakikisha kwamba unayekimbia ndiye mkosaji. Jioni moja, muda uleule intaneti inapozorota, chukua kompyuta ndogo, iunganishe na ruta kwa waya wa mtandao badala ya waifai, kisha pima kasi. Ikiwa kwa waya unapata karibu kasi yote unayolipia, basi tatizo lako ni waifai ya nyumba, na kampuni mpya itakukuta na tatizo lilelile. Mitaa kama Area C ina ruta nyingi zinazotumia masafa ya gigahezi 2.4, na zikirundikana huingiliana, hasa jioni watu wote wanaporudi nyumbani. Kuhamisha vifaa vyako kwenye masafa ya gigahezi 5 na kuitoa ruta nyuma ya runinga kunatosha katika nyumba nyingi ninazoitwa. Lakini ikiwa hata kwa waya kasi inaporomoka kila jioni na asubuhi inarejea, msongamano uko kwa mtoa huduma, na hapo una haki ya kuondoka. Katika mfumo wa kawaida wa faiba za majumbani, nyumba 32 au 64 hugawana njia moja yenye uwezo wa takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde, ambao kwa kweli ni mkubwa. Mara nyingi kinachobana ni njia ya juu zaidi ambayo kampuni haikuipanua wakati wateja wanaongezeka.

Jambo jingine linalowapoteza wateja ni vipimo. Kasi inayotangazwa huwa katika megabiti, ilhali ukubwa wa faili hutajwa katika megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde kinashusha megabaiti 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya gigabaiti 3 itachukua kama dakika 20 mambo yakiwa mazuri. Kwa familia yenye simu kadhaa, runinga moja na kikao kimoja cha video, megabiti 20 za kweli ni nyingi kuliko megabiti 100 za kwenye bango.

Sasa Nzuguni. Mtaa wenyewe ni mkubwa na unazidi kupanuka, hivyo usikubali jibu la kwamba faiba iko Nzuguni. Swali sahihi ni kama iko kwenye nguzo iliyo jirani na kiwanja chako. Tembea kwenye barabara ya mtaa wako ukiangalia juu, utafute kisanduku cheusi kilichofungwa kwenye nguzo au kwenye waya wenyewe, kwani hapo ndipo nyumba huunganishwa. Mwulize jirani aliyeunganishwa jioni zake zikoje, kisha uende ofisi ya kampuni, iwe TTCL au nyingine, ukiwa na alama ya mahali ulipo kwenye ramani ya simu, uwaombe waje kupima kabla hujalipa. Kisanduku kikiwa karibu na kikiwa bado na nafasi, chukua faiba na usihangaike zaidi.

Sababu yangu ya kuipendelea si kasi peke yake. Mfumo wa faiba za majumbani hauhitaji umeme mtaani, kwa kuwa kile kisanduku cha nguzoni kinagawa mwanga tu. Umeme wa TANESCO ukikatika, ukiwa na betri ndogo inayowasha kile kifaa cha faiba na ruta, vyote viwili vikitumia umeme mdogo sana, intaneti yako inaendelea muda wote ambao kituo cha kampuni kina umeme wa akiba. Mnara nao una betri, lakini umeme ukikatika kwa saa nyingi betri hizo huishiwa, na nyumba zote zilizokosa faiba huhamia kwenye mnara huohuo kwa wakati mmoja.

Udhaifu wa faiba katika jiji linalojengwa kama hili letu ni majembe na mitambo. Tangu serikali ihamie hapa, kila upande kunachimbwa, mara bomba la maji, mara barabara. Waya uliozikwa ukikatwa utasubiri fundi, na hakuna kampuni iliyosalimika na hilo. Ikiwa kazi yako haivumilii kukatika hata nusu siku, weka kifurushi kidogo kwenye simu kwa ajili ya dharura. Na kuna siku ambazo kubadili kampuni hakusaidii kitu: Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota nchini kote, kwa kuwa kampuni nyingi zinategemea nyaya hizohizo kutokea pwani.

Mhazini wa Chang'ombe

Shikamoo kaka, na pole na pilika za kuhama. Nitajibu la namba, kwa kuwa nimehamisha yangu na nimewasindikiza wanachama wenzangu wa kikoba kuhamisha zao.

Huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba ilianza nchini Machi 1, 2017, na utaratibu wake ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Huhitaji kuiaga kampuni unayoiacha. Unakwenda kwenye duka au kwa wakala wa kampuni unayohamia, ukiwa na simu yenye namba yako na namba ya kitambulisho cha NIDA, unajaza fomu, unatuma neno HAMA kwenda 15080, unapewa laini mpya, na namba inahamia humo. Kabla ya hapo piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Hatua hii wengi huiruka, kisha wanagundua kaunta kwamba laini waliyotumia miaka yote imesajiliwa kwa jina la mjomba au la mume. Tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, mwenye namba ni yule ambaye vidole vyake viko kwenye mfumo, hata kama simu iko mfukoni mwako. Kwa wazazi wetu wakulima ambao vidole vimesuguliwa na jembe, nenda nao asubuhi kusiko na foleni, wanawe mikono, na wakala ajaribu vidole vyote bila kuwaharakisha.

Namba inahama, lakini salio la vocha halihami, kifurushi ulichonunua hakihami, na akaunti ya fedha haihami. Ukitoka Vodacom, akaunti yako ya M-Pesa haikufuati Airtel. Utafungua Airtel Money kwa namba ileile ikiwa haina kitu. Basi kabla ya kutuma lile neno, toa fedha zote au zipeleke benki, tumia vocha iliyobaki, na ulipe madeni. Mtu mwenye deni la Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, akidhani kwamba kuhama ni kulikimbia anajidanganya, kwa sababu deni limefungwa kwenye jina na kitambulisho chake. Waliojiwekea akiba M-Pawa, huduma ya akiba na mikopo ndani ya M-Pesa, nao waitoe kwanza. Piga picha au uandike miamala mikubwa ya miezi ya karibuni, hasa malipo ya ada na ya serikali, kwa kuwa ukishahama huwezi tena kufungua menyu ya zamani na kutazama nyuma.

Kwa mke wako nasema asimame kwanza. Kikoba chao kama kinatumia M-Koba, huduma ya Vodacom ya kutunza fedha za vikundi, fedha za kikundi zinapita kwenye M-Pesa, na mtunza hazina ni mmoja wa watu ambao bila wao fedha haitoki. Akihama ghafla, kikundi kizima kinaweza kukwama siku ya mgao. Wakae kikao, wamweke kiongozi mwingine kwenye nafasi yake ndani ya mfumo, wahakikishe muamala mmoja mdogo umepita kwa uongozi mpya, ndipo yeye ahame. Kwa maoni yangu, ikiwa mgao uko karibu asihame kabisa hadi mzunguko uishe. Vivyo hivyo kwa mwenye duka anayepokea malipo kwa Lipa Namba: ile namba ya biashara imetolewa na kampuni, nayo inabaki kwa kampuni.

Ukishahama, watangazie wanaokutumia fedha. Watu wetu bado wanatambua mtandao kwa tarakimu za mwanzo, wanaona 075 wanasema Voda, wanaona 068 wanasema Airtel, na menyu ya kutuma fedha huwataka wachague mtandao. Mama yako Kongwa anatakiwa kuambiwa kwamba namba ni ileile ila mtandao ni mwingine, na asibonyeze namba ya siri kabla hajaona jina lako kamili kwenye kioo. Benki pia fika mwenyewe kama ulikuwa umeunganisha akaunti na fedha za simu, kwa sababu kiunganishi kile kilikuwa cha kampuni ya zamani. Ujumbe wa kawaida wa benki utaendelea kuja, kwa kuwa unaifuata namba.

Mwalimu wa Bahi

Naheshimu maelezo ya dada yangu hapo juu, lakini naona tunamsukuma ndugu huyu afanye jambo asilolihitaji. Simu karibu zote zinazouzwa nchini zina nafasi mbili za laini. Kwa nini asiiache namba ya zamani mahali ilipo, na fedha zake, na kikoba, na mama yake wa Kongwa, kisha anunue laini ya pili ya mtandao unaoshika Nzuguni na aitumie kwa intaneti na kupiga?

Nasema hivi kwa kuwa mimi hufundisha Bahi na wikiendi huwa Dodoma mjini, na barabarani mtandao mmoja unapopotea mwingine unapatikana. Mtu wa mikoa hii ya kati, anayekwenda Manyoni leo na Mpwapwa kesho, akijifunga kwenye kampuni moja kwa sababu tu inashika vizuri nyumbani kwake, atakuja kukosa mawasiliano huko porini. Isitoshe, siku hizi kutuma fedha kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine si safari tena, kwa kuwa mifumo imeunganishwa kupitia TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu. Kuhama kabisa kulikuwa na maana zaidi enzi ambazo kumpigia mtu wa mtandao mwingine kulikuwa ghali. Leo vifurushi vingi vina dakika za mitandao yote.

Mhazini wa Chang'ombe

Mwalimu, hoja yako nimeielewa na kwa mke wake ndiyo ninayoiunga mkono. Kwa mwenyewe siikubali. Namba iliyo benki na kazini ndiyo inayopokea ujumbe wa siri wa kuthibitisha miamala, na ikiwa mtandao wake haushiki chumbani kwake, kila atakapotaka kulipa kitu usiku atatoka nje uani kutafuta mawimbi. Laini mbili zinasaidia kupiga, hazisaidii kupokea ujumbe kwenye laini isiyoshika. Ila nakubali kwamba laini ya pili inunuliwe kwanza kama kipimo. Akae nayo Nzuguni, aitembeze chumba kwa chumba asubuhi na usiku, na akiridhika ndipo ahamishe namba.

Mkazi Mpya wa Nzuguni

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Nimefanya kipimo cha waya alichoelekeza Fundi, na kasi inaporomoka hata kwa waya, kwa hiyo nimejiridhisha kwamba waifai haina kosa. Nzuguni nimetembea mtaani kwetu nikitazama nguzo kama mgeni aliyepotea. Faiba imefika kwenye barabara kubwa, lakini nguzo za kuingia kwetu hazina kitu, na ofisini wamesema wataleta siku zijazo. Inaelekea nitaanza na ruta ya 5G.

Limezuka jipya. Kampuni ninayoiacha inasema nililipia miezi mitatu mbele, hivyo fedha hairudi, na tena inadai ruta ni mali yake na nisipoirudisha nitatozwa. Karatasi ya mkataba niliyosaini siku ya kufungiwa ninayo, ila maandishi yake ni madogo na inasema mteja atatoa taarifa kwa maandishi. Je, nina pa kushika?

Msoma Mikataba wa Kikuyu

Ndugu, karatasi hiyo ndiyo pa kushika, kwa hiyo itafutie mwanga wa kutosha na uisome kwa kalamu mkononi. Kuna mambo matatu ya kutafuta humo: muda wa taarifa ya kusitisha, umiliki wa vifaa, na kifungu kinachosema nini hutokea mteja anapohamia eneo ambalo kampuni haina huduma. Hicho cha mwisho ndicho chenye thamani kwako. Waandikie rasmi ukiwaomba wahamishie huduma yako Nzuguni. Wakijibu kwa maandishi kwamba hawana njia ya kuifikisha huko, hoja ya kwamba wewe ndiye uliyevunja mkataba inapungua nguvu sana, na ombi lako la kurudishiwa fedha ya miezi ambayo hawawezi kukuhudumia linakuwa na msingi.

Taarifa yenyewe iandike kwa barua, si kwa simu ya huduma kwa wateja. Peleka nakala mbili ofisini kwao, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Ambatanisha vipimo vyako vya kasi vya jioni vikiwa na tarehe na saa, kwa kuwa madai ya huduma mbovu yasiyo na vipimo hubaki kuwa manung'uniko. Ruta irudishe ikiwa mkataba unasema ni yao, pamoja na kile kifaa cha faiba na chaja zake, na uandikiwe risiti yenye namba za utambulisho za vifaa hivyo. Usimwachie mwenye nyumba wala mpangaji ajaye, kwa maana deni litakuja kwa jina lako.

Wakikataa au wakinyamaza, nenda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Dodoma. Sheria iliyoianzisha Mamlaka hiyo mwaka 2003 inaipa kazi ya kupokea malalamiko ya watumiaji, lakini jambo la kwanza utakaloulizwa ni kama ulianza kulalamika kwa mtoa huduma mwenyewe. Ile nakala yenye mhuri ndiyo jibu. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyounda baraza la kuwatetea watumiaji wa huduma za mawasiliano, nalo linaweza kukushauri namna ya kuandika. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka ana njia ya kukata rufaa Baraza la Ushindani, ingawa kwa fedha ya miezi mitatu ya intaneti sidhani kama safari hiyo ina faida.

Na kwa ruta mpya unayokwenda kununua, uliza kabla ya kulipa maswali ambayo hukuuliza kwenye ile ya kwanza. Je, ruta ni yako au ni ya kuazima? Imefungwa isipokee laini ya kampuni nyingine? Kifurushi kinachoitwa hakina kikomo kinapunguzwa kasi baada ya gigabaiti ngapi? Jibu la hilo la mwisho liandikwe. Kanuni za vifurushi zilizoanza kutumika Aprili 2021 zinamtaka mtoa huduma amjulishe mteja anapofikia asilimia 75 na asilimia 100 ya kifurushi chake, kwa hiyo hakikisha ujumbe huo unaelekezwa kwenye namba unayoisoma, maana laini ya ruta hupokea ujumbe ambao hakuna anayeuona.

Fundi wa Makole

Msoma Mikataba amemaliza upande wa karatasi, nami niongeze la kiufundi kwa kuwa umeamua 5G.

Mawimbi ya 5G yanayobeba kasi kubwa yako kwenye masafa ya juu, kama yale ya karibu gigahezi 3.5, na masafa ya juu hayapendi kuta. Nyumba nyingi mpya za Dodoma zina tofali za saruji, bati juu, na madirisha ya alumini yenye vioo vya giza, na vyote hivyo huzuia mawimbi. Ndiyo maana simu yako inashika uani na kupotea chumbani. Usiiweke ruta sebuleni kwa sababu ndipo runinga ilipo. Tafuta mnara uko upande gani wa nyumba, weka ruta kwenye dirisha la upande huo, juu kadiri inavyowezekana, kisha uvute waya wa mtandao kwenda sebuleni kwenye kifaa kingine cha waifai kama nyumba ni kubwa. Kwa kuwa nyumba bado inamaliziwa, mwambie fundi umeme apitishe waya huo ukutani sasa kabla ya rangi.

Ndani ya ukurasa wa mipangilio ya ruta kuna kipimo cha nguvu ya mawimbi kinachoandikwa kwa namba hasi. Ikisoma karibu hasi 80 uko pazuri. Ikikaribia hasi 110, hamisha ruta au ufikirie antena ya nje inayofungwa kwenye bomba juu ya paa. Ombeni wakala aje na ruta ya majaribio na laini iliyo hai, mkae nayo sebuleni mpaka saa mbili usiku, maana kipimo cha saa nne asubuhi hakikwambii lolote kuhusu jioni. Ikiwa kampuni hiyohiyo ndiyo inayoshika vizuri simuni, vema, lakini si lazima ruta na simu viwe vya kampuni moja. Mimi ningependelea viwe viwili tofauti, ili mnara mmoja ukilala nyumba isibaki kimya.

Halafu usilipe miezi mingi mbele hata kama kuna punguzo. Faiba ikiingia mtaani kwenu utataka kuondoka siku hiyohiyo.

Mkazi Mpya wa Nzuguni

Nimeelewa. Nitaanza na intaneti ya nyumbani kwa sababu ndiyo yenye tarehe: barua ya kusitisha na ya kuomba kuhamishiwa huduma naipeleka Jumatatu, na fundi umeme nimeshampigia kuhusu waya wa ukutani. Laini ya majaribio nitainunua wiki hii. Mke wangu amesema mgao wao ni Desemba na kabla ya hapo haigusi namba yake, na sikuwa na la kubishana. Swali moja la mwisho kwa dada Mhazini: nikishatuma HAMA, laini ya zamani niitupe?

Mhazini wa Chang'ombe

Usiitoe kwenye simu mpaka ijizime yenyewe, kwa sababu ujumbe wa kukujulisha hatua iliyofikiwa unakuja humo humo. Ikishakufa na laini mpya ikapokea simu, jipigie kwa namba ya mtu wa mtandao mwingine, jitumie fedha kidogo uone jina linatokea, na uombe benki wakutumie ujumbe mmoja wa majaribio. Chagua siku ya kazi asubuhi, si Ijumaa jioni, ili jambo likikwama maduka yawe wazi. Na katika siku hizo mtu akikupigia akijitambulisha kuwa ni wa kitengo cha kuhama na akikuomba namba ya siri, kata simu na uripoti namba yake kwenda 15040.

Akina mama wa Nzuguni wana kikoba kizuri cha Jumamosi. Mwambie shemeji yangu anitafute mkishahamia.